Chambo Kilichokaguliwa

"Ami, mto ule mimi si wa kuuliziwa," alisema Wazir huku akijimiminia kikombe cha tatu cha chai katika sebule ya watu. "Kila kitu nimekikagua kwa macho yangu mawili. Boti nimeikagua. Kapteni ni kama ndugu yangu. Hata chambo nimekikagua, kipande kwa kipande. Na Jumamosi, inshallah, nitakutolea stajeni mrefu kuliko hili kochi."

Mzee Abdulsamad alilitazama kochi, kisha akamtazama Wazir. Alikuwa na namna yake ya kumtazama mtu, kichwa kimelala upande kidogo, kama fundi anayesikiliza injini ya gari ambalo muuzaji anaapa halijawahi kugongwa.

"Stajeni ndiyo nini?"

"Samaki wa kale, Ami. Hana magamba kama wenzake, ana vigae vya mfupa mgongoni, utadhani amevaa vazi la vita. Pua ndefu, mdomo uko chini ya kidevu. Wazungu wanamheshimu sana."

"Nawe ushawahi kumvua."

"Mara ngapi."

Sasa tuambizane ukweli, maana Wazir hayupo hapa kutukatiza. Kijana huyu wa Tanga, mkazi wa Hyattsville, Maryland, mpanga maboksi katika ghala la viatu, hakuwa amewahi kushika ndoana maishani. Boti aliiona kwenye simu. Na kapteni, aliye kama ndugu yake, alizungumza naye mara moja kwa dakika sita, mbili kati ya hizo zikiwa za "haloo, unanisikia?" Samaki pekee aliyewahi kumtoa mahali alipokaa ni dagaa, naye alikuwa ndani ya kopo.

Lakini mtu anayeposa hana budi kusema kitu. Wiki tatu kabla, wazee wa Wazir walikuja hapa Bowie kumposa Rahma, binti pekee wa Mzee Abdulsamad, na mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Mtu akikaa sebuleni saa moja, humjui. Nataka nishinde naye siku nzima, asubuhi mpaka jioni, halafu nitajibu." Wazir mwenyewe ndiye aliyetoa wazo la kwenda kuvua. Jibu lingetolewa siku hiyohiyo, boti ikirudi. Ndiyo au la, hakuna la katikati.

Na mzee hakuwa wa kuchezewa. Mposaji aliyetangulia, mmoja Fawaz, alileta kuku wa kuchoma akaapa ni wa halali, kachinjwa na mtu anayemjua. Mzee alikula kidogo, akashukuru, akamsindikiza Fawaz mpaka kwake kwa adabu zote. Akiwa kwa Fawaz akaomba kutupa kitambaa cha mkono, na alipofika kwenye pipa la taka akainama, akachakura, akaibuka na karatasi ya dukani ya kufungia kuku, isiyo na neno halali popote. Hakugomba. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaaga. Fawaz sasa kaoa Ohio.

Kwa hiyo Wazir alilijua pipa la taka. Alilijua vizuri.

*

Jumamosi asubuhi walishuka kwenye gati upande wa Fort Washington wakiwa wanne: Mzee Abdulsamad na kofia yake ya kazini, Rahma na miwani ya jua, Wazir na saa mpya ya mkanda wa kijani iliyoandikwa kwamba inastahimili maji mpaka mita mia moja, na Bi Ummu, mama mzazi wa Mzee Abdulsamad, aliyekuja kutoka Lamu miezi mitatu iliyopita na ambaye tangu afike alikuwa hajamwamini samaki hata mmoja wa dukani. "Samaki asiyekuwa na macho mimi simli," alikuwa akisema. "Amekatwa kichwa kwa nini? Alikuwa ameona nini?"

Kapteni aliwasubiri kando ya boti. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mzaliwa wa Ukerewe, aliyewapeleka watu mtoni karibu miaka kumi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Karibuni sana, mimi naitwa Boniface." Kisha akawatazama wote kwa zamu. "Na Wazir ndiye nani?"

Kati yao kulikuwa na kijana mmoja tu wa kiume.

"Ndugu yako hakujui," alisema Mzee Abdulsamad.

"Jua, Ami. Linampiga machoni."

"Aa, ndiye wewe?" Boniface alicheka, akampa mkono. "Kwenye simu sauti yako ni ya mtu wa kilo mia. Haya, jaketi za kuelea hizi hapa, kila mtu avae."

Wazir alivaa ya kwake kwa haraka ya mtu aliyezoea.

"You have it backwards," Rahma alimwambia chinichini. "Umeivaa nyuma mbele, Wazir."

"Ndivyo wanavyovaa wavuvi."

"Yeye ni mvuvi." Rahma alimwonyesha Boniface kwa kidevu. "Look at his."

Mzee alikuwa bado ana swali. "Kapteni, huyu kijana ametuahidi stajeni."

Boniface aliacha kufungua kamba. "Stajeni? Mzee wangu, huyo haguswi. Analindwa na sheria, wamebaki wachache mno. Akijipeleka mwenyewe kwenye ndoana kwa bahati mbaya, unamfungua mumo humo majini na kumwacha aende, hata kumpakata upige picha ni kosa. Mimi nawapeleka kwa kambare. Kambare wa huku waliletwa tu, wamezidi, wanamaliza kila kitu mtoni. Hao wakubwa nawatoa mpaka wa urefu wa mtoto wa darasa la kwanza."

Kichwa cha mzee kililala upande. "Kwa hiyo kochi tumeliacha nyumbani."

"Sheria zinabadilika kila siku, Ami," alisema Wazir, akapanda boti kabla hajaulizwa jingine.

*

Ilikuwa boti pana ya bati, yenye viti vinne vya kuzunguka, vile vinavyogeuka upande wowote mtu anaotaka. Bi Ummu alikipenda chake papo hapo. Alijizungusha kulia, akajizungusha kushoto, akasema, "Hiki ningekipata jikoni." Miguuni aliweka kopo lake kubwa la aiskrimu.

Watoto wote wa nyumba ile wameshatapeliwa na kopo hilo. Nje lina picha ya aiskrimu ya vanila yenye stroberi juu; ndani humo huwa kuna bizari, au uzi, au kunde. Leo kulikuwa na pweza aliyechemshwa na kukatwakatwa, wa kula mchana.

Walipanda mto taratibu. Ndege za kutua zilipita juu yao kila baada ya dakika mbili tatu, chini kiasi kwamba ungeweza kuhesabu magurudumu. Mbele lilionekana daraja la Wilson, na upande wa Maryland, juu ya majengo ya National Harbor, lile gurudumu kubwa la kupandia watu likizunguka polepole. Boniface alitia nanga katikati.

"Hapa ndipo kwao," alisema. "Lakini tutulie kwanza. Maji sasa hivi yanamalizia kupwa, na yakisimama kambare hali. Yakianza kujaa ndipo anaamka. Na boti itajizungusha yenyewe, omo, yaani pua yake, itageukia kule tulikotoka, msishtuke. Ni maji tu yanatusalimia."

Simu yake ikalia. Akasogea pembeni, akainamisha sauti, lakini Wazir alikuwa karibu.

"Ee, Leokadia. Nipo na wageni... Sawa, kitimoto ya jioni nitapitia mimi... Ndiyo, ndoo ninayo, usijali."

Kitimoto. Mtu yeyote aliyekulia Tanga anajua kitimoto ni nyama ya nani. Wazir alijiambia kwamba mtu ana haki ya kula chakula chake cha jioni. Lakini kwa nini ameinamisha sauti? Na ndoo inahusikaje?

Ndipo alipoitazama ndoo.

Ilikuwa nyuma kabisa, kwenye tezi ya boti, karibu na injini. Ndoo nyeupe yenye mfuniko. Na ubavuni mwake, akitabasamu kana kwamba amepigwa picha ya harusi, alikuwapo nguruwe wa waridi aliyevaa kofia ya mpishi.

Wazir aliangalia kama kuna mwingine aliyemwona huyo nguruwe. Akaenda pole pole, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akainua mfuniko kidogo. Vipande vya nyama, vyekundu vyekundu, vinene, vinanuka siki na kitunguu saumu. Akafunika.

Chambo. Kile chambo alichokikagua kipande kwa kipande.

Fikiria hali yake. Akisema, "Ami, chambo ni nguruwe," mzee atauliza, "Na ulipokikagua kilikuwa nini?" Akinyamaza, Bi Ummu atarudi Bowie na kambare aliyekula nguruwe, na jioni Boniface atataja mwenyewe kwa bahati mbaya, na mzee atainama kwenye pipa la taka. Kila njia ilikuwa inamfikisha Ohio kwa Fawaz.

Alimtazama Boniface. Boniface alikuwa anacheka na mzee. Anacheka nini? Alipanga hili makusudi? Mtu wa Ukerewe ana ugomvi gani na watu wa pwani? Wazir alikumbuka Boniface alivyouliza kwenye simu, "Mko Waislamu wote?" na alivyosema, "Basi nimejua la kufanya." Amejua la kufanya. Ona sasa.

"Adhuhuri imeingia," alisema Bi Ummu. "Mimi siwezi kungoja mpaka msikitini. Rahma, kibla ki wapi?"

Mzee alisema yeye na Wazir wataswali wakirudi nchi kavu, wakati upo mrefu. Rahma aliizungusha simu yake mpaka mshale ukatulia. "Kule, Bibi. Right at the wheel. Lielekee lile gurudumu."

"Gurudumu," Bi Ummu alirudia, kama mtu anayekariri anwani. Magoti yake hayakumruhusu kusimama, sembuse ndani ya boti. Akatawadha kwa chupa ya maji, akakigeuza kiti kikaelekea gurudumu lililokuwa mbele kuliani, akafunga swala. Mgongo wake ukawa upande wa tezi, kwa Wazir na ndoo.

Kule omo, Boniface alikuwa akimwonyesha mzee kioo kinachoonyesha samaki walioko chini, na Rahma ameinama katikati yao. Watu watatu wametazama mbele. Wa nne anaswali.

Wazir akapiga hesabu yake. Mtu anayeswali haongei. Mtu anayeswali hamwonyeshi mwenzake kidole. Mtu anayeswali hageuki. Hesabu nzuri, na kwa mbili za kwanza alipata zote.

Akangoja ndege. Ilipopita juu na mngurumo wake, akainua mfuniko, akaiegemeza ndoo ukingoni, akaanza kuimwaga kidogo kidogo ili isipige maji. Ndege moja haikutosha. Akangoja ya pili, akamwaga. Akangoja ya tatu. Kipande kimoja kiligoma chini ya ndoo, akakikwangua kwa mkono wake mwenyewe, mkono ule uliokuja kuposa, huku anasema astaghfirullah. Akaunawa mtoni mara saba, kwa haraka haraka. Wakati wote huo macho yake yalikuwa kwenye ndoo na kwenye maji. Hakuinua kichwa hata mara moja kuangalia daraja limehamia wapi.

Alipofunika, akarudi kwenye kiti chake akaketi kama mtu anayefurahia hewa. Boti ilikuwa imemaliza kuzunguka. Bi Ummu akatoa salamu, kulia, kushoto.

"Taqabbala Llahu, Bibi," alisema Wazir.

Bi Ummu alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko salamu inavyohitaji. "Amina, mwanangu," akajibu, akakigeuza kiti chake mbele.

*

"Haya," alisema Boniface akisugua mikono. "Maji yanajaa. Kazi imeanza."

Akaja nyuma, akafunua ndoo. Akatazama ndani. Akaifunika, akaifunua tena, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo yake.

"Hii..." alisema. "Hii ilikuwa imejaa."

Mzee Abdulsamad alikuwa ameshasimama. "Ilikuwa imejaa nini?"

"Chambo, mzee. Nimekikata mwenyewe jana jioni."

"Na sasa kiko wapi?"

Boniface alitazama chini ya viti. Akatazama nyuma ya injini. Nyuma ya boti shakwe watano sita walikuwa wamekuja, wanapiga kelele na kujitupa majini, na uso wa maji ulikuwa unachemka kama sufuria. Boniface aliwatazama shakwe wale kwa makini. Wazir naye akawatazama, akatamani kuwapiga mawe.

"Labda umeisahau ndoo yenyewe nyumbani," alisema Wazir. "Umebeba nyingine. Hutokea."

"Ndoo ninayo moja."

"Na huyu je?" Kidole cha mzee kilikuwa juu ya nguruwe mwenye kofia ya mpishi. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, upole ule aliomsindikizia Fawaz. "Huyu ni nani, kapteni?"

"Aa." Boniface akajipiga paji la uso. "Mke wangu alinikumbusha nikifunike na karatasi hiki kipicha, nikasahau. Mzee, ndoo hii ilikuwa ya achari ya matango. Kuna mkahawa jirani yetu, nembo yao ndiyo huyo, kila kitu chao wamembandika, mpaka vikombe vya chai. Wakimaliza achari wananipa ndoo. Ndani nilitia samaki tupu, samaki mdogo wa huku anaitwa shadi, vipande, na kitunguu saumu. Nilipojua nyie Waislamu nilihakikisha hata kisu ni kipya. Muulize Wazir, nilimuuliza kwenye simu."

Hapo Wazir aliona mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni mama yake, Tanga, akichota unga wa mandazi kutoka ndoo ya rangi ya mafuta ambayo ubavuni imeandikwa HATARI. La pili ni kopo la aiskrimu la Bi Ummu, lililokaa pale miguuni pake na vanila yake, lina pweza tumboni. Kijana aliyelelewa na makopo ya uongo maisha yake yote, leo ameamini picha.

Na hapa ndipo angeweza kusema. Neno moja tu, "Ni mimi." Mlango ulikuwa wazi. Alifungua kinywa.

"Nilidhani wewe ndugu yake," mzee alimwambia Boniface. "Aliniambia amekikagua chambo. Ulikikagua, Wazir, au hukukikagua?"

Mlango ukafungwa.

"Nilikikagua, Ami. Siku ile. Leo ndiyo sijui."

"Siku ipi?" aliuliza Boniface.

"Wazir, mwanangu," alisema Bi Ummu kutoka kwenye kiti chake. "Wewe ulikuwa huku nyuma. Hukuona kitu?"

"Hapana, Bibi."

"Hata kidogo?"

"Nilikuwa natazama ndege."

Bi Ummu aliitikia kwa kichwa, akafungua kopo lake. "Basi tieni pweza. Mimi nimeshiba."

*

Walitia pweza. Saa nzima hakuna kilichogusa; kambare wote wa eneo lile walikuwa nyuma ya boti wakila karamu ya ndoo nzima bila ndoana. Mzee hakuitazama fimbo yake ya kuvulia hata mara moja. Alikuwa akimtazama Boniface. Boniface alikuwa akiwatazama shakwe. Rahma alikuwa akimtazama Wazir, na Wazir alikuwa akimtazama Bi Ummu, akijaribu kukumbuka. Mgongo. Alikuwa amempa mgongo, aliuona mwenyewe ule mtandio mweupe. Basi hakuona. Hawezi kuwa ameona.

Ndipo fimbo ya Wazir ilipopinda.

"Shika," Boniface alisema. "Usiivute kwa nguvu. Mwache akimbie. Mwache, nakwambia."

Wazir hakuwa na uwezo wa kufanya lolote zaidi ya kumwacha. Fimbo ilimburuta kutoka kiti mpaka ukingo. Boniface alimshika jaketi kwa nyuma, ambayo kwake ilikuwa mbele, wakahangaika hivyo hadi samaki akachoka. Kisha kando ya boti, ndani ya maji ya rangi ya chai, kitu kirefu kikapanda bila haraka. Pua ndefu. Masharubu manne. Na mgongoni, mstari wa vigae vya mfupa kama paa la nyumba ya kale.

"Mungu wangu," alisema Boniface kwa sauti ndogo. "Miaka kumi sijamwona hata mmoja. Msimguse."

"Stajeni," alisema Wazir. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kochi alikuwa amesema jambo la kweli. "Ami, si nilikwambia?"

Mzee alikuwa ameinama ukingoni, macho yamemtoka. "Mtoe tumwone."

"Hapana, mzee. Hatoki majini." Boniface alikuwa amelala kifudifudi, mkono wote ndani ya mto. Akaikata ndoana kwa koleo, ikatoka. Samaki alikaa pale pumzi moja, kana kwamba naye anawahesabu, akageuza mkia wake, akazama.

Bi Ummu alikuwa amenyanyuka nusu kiti. "Huyo alikuwa na macho," alisema.

Lakini mzee alikuwa ameshajinyoosha, na kichwa chake kilikuwa upande. "Kapteni. Tumekuja na ndoo, ndoo tupu. Tumepata samaki mmoja, nawe umemrudisha. Hivi wewe umetuleta hapa tufanye nini?"

"Mzee, nilikueleza sheria tangu gatini."

"Watu wa msikitini wote wanakujua kwa sababu mmoja humwambia mwenzake. Na mimi pia nina mdomo."

Boniface alijifuta mkono taratibu. Kati ya kila wageni kumi aliowapeleka mtoni, sita au saba walikuwa watu wa pwani waliopeana namba yake baada ya swala ya Ijumaa. Kisha akavuta nanga.

*

Gatini, Rahma alimsogelea Wazir wakati wakishusha vitu. "Wazir. Just tell me. Do you know something?"

"Mimi?"

"Huyu mtu atapoteza kazi."

"Kila mtu na riziki yake, Rahma."

Rahma alivua miwani ya jua akamtazama bila hiyo. Wazir akainama kufunga kamba ya kiatu, kiatu kisicho na kamba.

Mzee Abdulsamad alisimama kando ya gari, akamwita. Boniface alikuwa hatua chache kutoka hapo, akiosha boti, na mzee hakupunguza sauti; alitaka isikike.

"Wazir, nitasema kweli. Mimi nilikuwa na shaka nawe. Umeanza na kochi, ukaja na ndugu asiyekujua, ukavaa jaketi nyuma mbele. Nikasema, huyu ni Fawaz mwingine. Lakini stajeni ulimsema, na stajeni alikuja. Sasa swali langu ni moja, na ndilo la mwisho. Yule ndoo yake ilikuwa na kitu asubuhi, au alituleta na ndoo tupu?"

Kulikuwa na upepo kidogo. Boniface aliacha kuosha. Kwa upande mmoja kulikuwa na Rahma, na nyumba, na harusi Agosti. Kwa upande mwingine kulikuwa na mtu wa Ukerewe na mpira wa maji mkononi.

"Ilikuwa tupu, Ami," alisema Wazir. "Niliiona kwa macho yangu."

Boniface akainamisha kichwa, akaendelea kuosha.

"Basi." Mzee alinyoosha mkono. "Ulilolijia kwangu..."

"Abdulsamad," alisema Bi Ummu. "Ngoja kidogo."

Alikuwa ameketi garini, mlango wazi, miguu nje, kopo la aiskrimu magotini.

"Leo mimi nimeswali sunna nne na faradhi nne kwenye kiti kinachozunguka," alisema. "Huyu Rahma aliniambia, Bibi, lielekee gurudumu. Nikalielekea. Basi nilipokuwa ndani ya swala, boti ikageuka. Gurudumu halikugeuka. Nami ningefanyaje, niswali nimeelekea Virginia? Nikawa nalifuata, pole pole, na kiti changu." Akauzungusha mkono hewani, pole pole, kama boti. "Rakaa ya tatu ya faradhi nilikuwa nimekwisha kuelekea tezi."

Wazir alihisi jaketi ikimbana, ingawa alikuwa ameshaivua.

"Sasa anayeswali hatazami watu," Bi Ummu aliendelea. "Hutazama chini, mbele yake. Kwa hiyo mimi simsingizii mtu, uso wa mtu sikuuona. Niliiona ndoo. Imejaa nyama ya samaki, na mikono miwili inaimwaga mtoni, kidogo kidogo, ndege kwa ndege. Nikasema moyoni, nikimaliza nitauliza, labda ana sababu. Nimemuuliza mara mbili."

Boniface alikuwa amefunga maji.

"Mikono ya nani, mama?" aliuliza Mzee Abdulsamad, kwa upole ule ule.

"Sikuuona uso, nimekwambia. Mkono mmoja tu ulikuwa na saa, yenye mkanda wa kijani."

Wazir akautia mkono mfukoni haraka, mpaka kwenye kiganja, mpaka kwenye kifundo. Kisha akaona kila mtu, hata Rahma, anautazama mkono mwingine, wenye saa.